Jiko la Peleti Nyumbani: Anza na Njia ya Moshi

Wengi wetu tuliohamia jimbo la Maine, Marekani, kutoka Kongo, Burundi na Tanzania tumekuta nyumba zinazopashwa joto kwa mafuta, na bili ya Januari inaumiza. Ndiyo maana ndugu wengi wananiuliza kuhusu jiko la peleti, lile la kupasha nyumba joto. Nalipenda jiko hili na nalitumia kwangu hapa Lewiston. Lakini kila anayeuliza huanza na bei, nami humrudisha kwenye bomba la moshi. Sote tunajua habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, milango imefungwa, wasiamke. Hewa ile iliyowaua, kaboni monoksidi, hutoka pia kwenye peleti moshi ukikosa njia.

Peleti ni unga wa mbao ulioshindiliwa kuwa vipande vigumu, unene wake kama milimita 6. Unazimimina kwenye tangi la jiko, parafujo inayoendeshwa na mota inazisukuma kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha moto, na umeme ndio unaowasha. Feni moja inatoa moshi nje, nyingine inapuliza joto sebuleni. Kwa hiyo bila umeme hakuna jiko.

Kabla ya kununua, pitia ofisi ya mji uulize kibali, kisha mpigie simu wa bima ya nyumba. Ukiwa mpangaji, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Moto ukitokea, bima itataka kujua nani alifunga jiko na nani alikagua. Mimi nashauri kazi ya bomba afanye fundi mwenye leseni, hata kama wewe ni hodari wa kutumia drili.

Simama naye akifanya kazi. Bomba liwe la kuta mbili, lile lililotengenezwa kwa ajili ya peleti, kwa kawaida inchi 3 au 4. Mtu akikuletea bomba la alumini la mashine ya kukaushia nguo, mkatalie. Haliwezi kustahimili moto huo. Feni inasukuma moshi kwa nguvu, hivyo kila kiungo kizibwe sawasawa, maana tundu dogo tu linarudisha moshi ndani. Panapopita ukutani lazima kuwe na kile kipande maalumu kinachotenganisha bomba na mbao. Mdomo wa nje uwe mbali na madirisha na milango, na juu ya kimo cha theluji. Vipimo vyote vimo kwenye kitabu cha jiko, na kila jiko lina vyake. Usikubali kuambiwa "tumezoea kuacha hivi".

Mwombe pia bomba lipande wima futi kadhaa kabla ya kutoka. Umeme ukikatika usiku wa dhoruba, feni husimama peleti zikiwa bado zinawaka, na ule wima ndio utakaouvuta moshi juu usijae sebuleni. Usifungue mlango wa jiko wakati huo. Chini ya jiko pawe na sakafu isiyoungua, vigae au bamba la chuma, na makochi, mapazia na nguo za kukausha vikae umbali wa futi 3 au zaidi.

Vingora vya moshi na vya kaboni monoksidi viwepo kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala. Watu wa nyumba wakiumwa kichwa pamoja, wakahisi kizunguzungu na kichefuchefu, tokeni nje nyote kwanza, pamoja na watoto, ndipo mpige 911.

Mfuko mmoja una pauni 40, yaani kilo 18, na tani moja ya hapa ni mifuko 50. Ihifadhi pakavu, juu ya mbao, isiguse sakafu ya chini ya nyumba. Peleti ikilowa hurudi kuwa unga na kuziba parafujo. Usitie kitu kingine tangini, si mahindi, si vipande vya mbao, na kamwe usimwage petroli wala mafuta ya taa kuharakisha moto.

Jifunze kuusoma moto. Ukiwa mzuri ni mfupi, mkali, wa manjano yenye weupe, na chembe za makaa zinarukaruka kikombeni. Ukiona ndimi ndefu, za rangi ya chungwa, zinazoyumba taratibu na kuacha masizi kwenye kioo, hewa haipiti. Zima kwa kitufe, usichomoe waya, ili feni iendelee hadi jiko lipoe. Kisha kwangua kikombe mpaka matundu yake yote yaonekane. Kwangu hufanya hivi kila asubuhi.

Jivu litie kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, uiweke nje juu ya udongo au saruji, si kwenye baraza la mbao. Kaa lililojificha ndani ya jivu huweza kuishi siku kadhaa. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi isiguse jivu hilo. Ipo ya jivu peke yake.

Msimu ukiisha, maliza peleti zote tangini na usafishe jivu lote, kwa kuwa jivu hunyonya unyevu wa kiangazi na chuma kikala kutu. Septemba, kabla ya kuwasha, mwite fundi asugue bomba zima, naye achungulie mdomo wa nje. Ndege hupenda kujenga humo.