Somo: Kupanda Mombo–Lushoto kwa baiskeli mpaka Irente

Wakuu, nimeulizwa sana nilifikaje kwa baiskeli pale nilipopigia picha, Irente, ukingo wa milima ya Usambara juu ya Lushoto, basi somo ndilo hili. Ni lami, kilomita kama 33 toka Mombo mpaka Lushoto, na unapanda karibu mita 1,000. Ukigawanya unapata mwinuko wa asilimia 3 tu, unaona mchezo. Usidanganyike: sehemu kubwa ya mlima imerundikana kabla ya Soni, mji mdogo ulio njiani.

1. Hesabu meno ya gia. Gia ndogo ya mbele isizidi meno ya gia kubwa ya nyuma. Mbele 34, nyuma 34: pedeli ikizunguka mara moja, na tairi mara moja. Mwenye baiskeli ya Phoenix ya gia moja atafika, ila vipande vingi atasukuma. Wenyeji wanasukuma kila siku, tena na mzigo.

2. Ondoka Mombo saa 12 asubuhi. Chini kule kwenye mkonge joto halina huruma. Maji lita mbili.

3. Panda ukiongea. Hapa ndipo wengi wanapofia. Kona za kwanza miguu ni mibichi, mtu anakanyaga kama anakimbizwa, kabla ya Soni kashalala kwenye ukingo wa barabara. Kama bado unaweza kusema sentensi nzima, mwendo ni sahihi. Ukianza kujibu "mh", shuka gia.

4. Kona usizoona mbele, bana kushoto na tega sikio. Fuso za kabichi zinashuka zikipiga honi, na barabara ni nyembamba.

5. Soni pumzika: chai, ndizi, maporomoko yako pale pale. Kuanzia hapo mlima unalegea.

6. Toka Lushoto mjini kwenda Irente ni kama kilomita 6. Ukifika, ardhi inakatika ghafla miguuni. Nyika yote iko chini na barabara kuu ni uzi.

Maswali

*Mkuu, kushuka vipi?*
Kushuka ndiko kwa kuogopa. Mwaka juzi niling'ang'ania breki ya nyuma toka Soni, rimu ikapata moto, tyubu ikapasuka kwenye kona. Goti lina alama mpaka leo. Bana breki kabla ya kona, achia, badilisha breki ya mbele na ya nyuma. Na vaa fulana kavu, jasho likipoa vidole havishiki breki.

*Mimi ni dada, kilo 82, sijawahi kupanda mlima. Nitaweza?*
Utaweza, dada. Siku ya kwanza ishia Soni, geuza. Lushoto haihami.

*Masika je?*
Ukungu na utelezi. Mimi siendi.

*Baiskeli inapanda basi toka Dar?*
Inaingia buti. Toa tairi la mbele, laza upande usio na cheni, na elewana bei na konda kabla hajaipakia.