Nimonia isiyomwachia mtoto mchanga: ya kuandaa kabla ya kurudi kwa daktari

Kama mtoto anakatika pumzi, midomo imekuwa ya bluu, ameshindwa kunyonya au kifua kinabonyea ndani kila anapovuta hewa, usiandae chochote. Mkimbize hospitali.

Kwa mzazi ambaye mtoto ametibiwa nimonia na bado hajapona, maandalizi makubwa ni kumbukumbu. Bakteria wa kawaida dawa huwamudu. Wale adimu ni wa kutafutwa, na mara nyingi maelezo ya mzazi ndiyo yanayompa daktari pa kuanzia.

Jiulize nani nyumbani amekohoa kwa wiki mbili au zaidi. Tafadhali usimfiche mtu, hata akiwa bibi anayembeba kila siku, kwa kuwa kifua kikuu cha mtoto mchanga kwa kawaida hutoka kwa mtu mzima wa karibu. Kumbuka pia kama macho ya mtoto yalitoa usaha wiki za mwanzo. Mtoto wa mwezi 1 hadi 3 anayekohoa vikohozi vifupifupi mfululizo bila homa huenda ana klamidia, maambukizi ya bakteria ya zinaa, aliyoipata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Ikithibitika, mama na mwenzi wake nao hutibiwa. Kifaduro nacho hupotosha: kwa mtoto mdogo sana ule mlio wa kuvuta pumzi huweza kukosekana kabisa, akawa anaacha kupumua tu. Ukiweza, mrekodi kwa simu anapokohoa.

Hesabu pumzi akiwa ametulia, dakika nzima, maana upumuaji wa mtoto mchanga hauna mwendo mmoja. Pumzi 60 au zaidi kabla ya miezi 2, au 50 na zaidi kuanzia miezi 2 hadi mwaka, ni nyingi mno.

Beba chupa za dawa alizokunywa, kadi ya chanjo na picha za eksirei za awali. Usimpe antibayotiki iliyobaki nyumbani, kwani inaweza kuzuia vimelea visiote maabara.

Uliza mapema kama anyonye kabla ya kipimo. Kwa kuwa watoto hawa hawatemi makohozi bali huyameza, kifua kikuu hutafutwa kwenye majimaji ya tumbo yanayovutwa kwa mpira asubuhi, kabla hajanyonya.

Akiandikiwa antibayotiki ya erithromaisini au azithromaisini akiwa na umri wa chini ya wiki 6, mwangalie anavyotapika. Matapishi yanayoruka kwa nguvu kila baada ya kunyonya yanaweza kuonyesha kwamba njia ya kutokea tumboni imebana. Mrudishe siku hiyohiyo.