Nepi ndiyo itakayokuambia: kumlisha mtoto mchanga bila kuzielemea figo zake

Wazazi wanaofika wodi ya watoto wachanga huniuliza kama mtoto anashiba. Mimi nami huwauliza: amekojoa mara ngapi tangu jana saa hizi? Wengi hutazamana. Maziwa wameyahesabu kwa mililita, lakini nepi zimetupwa bila kuangaliwa. Mwongozo huu ni wa kukufundisha kumlisha mtoto huku ukiangalia kinachotoka, kwa sababu figo zake ziko kwenye mafunzo ya kazi na haziwezi kukuambia kwamba umezizidishia mzigo.

Hatua ya 1: Zijue figo zenyewe

Figo ya mtoto aliyezaliwa kwa wakati ina urefu wa sentimita 4.5 hivi, fupi kuliko kidole gumba chako. Ndani yake mna vichujio vidogo sana viitwavyo nefroni. Kwa wastani ni milioni moja kila figo, ingawa wapo wanaozaliwa na laki chache tu na wapo wanaopita milioni mbili. Kazi ya kuziunda huisha karibu na wiki ya 36 ya mimba. Mtoto njiti huendelea kuziunda kwa wiki chache akiwa nje ya tumbo, kisha basi. Hakuna chakula wala dawa itakayomwongezea nefroni baadaye. Alizonazo ndizo zitakazomfikisha uzeeni.

Kinachokua baada ya kuzaliwa ni ukubwa na ujuzi wa nefroni hizo. Siku anayozaliwa, figo huchuja damu kwa kasi ya kama moja ya tano ya mtu mzima, ukilinganisha na ukubwa wa mwili. Ndani ya wiki mbili kasi hiyo huongezeka maradufu, na hufikia ya mtu mzima anapokaribia miaka 2.

Kuna jambo la pili, na ndilo ninalotaka ulishike. Wewe ukikosa maji, figo zako huyabana yaliyopo na mkojo ukatoka mchache, umekolea. Mtoto mchanga anaweza kuukoleza mkojo wake hadi karibu nusu tu ya uwezo wako. Basi kila chumvi inayozidi na kila protini inayozidi humlazimu atoe maji mengi ili kuisafisha, na maji hayo hutoka mwilini mwake.

Hatua ya 2: Siku za mwanzo, nyonyesha na uhesabu

Mweke titini ndani ya saa ya kwanza, kisha mnyonyeshe kila anapotaka, mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Dang'a, yale maziwa ya kwanza kabisa, huwa kidogo na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Maziwa ya mama yana protini ya kama gramu 1 kwa kila mililita 100 na chumvi kidogo, kiasi ambacho figo changa hukimudu bila jasho.

Sasa hesabu nepi. Siku ya kwanza walau moja iliyolowa, ya pili mbili, ya tatu tatu. Kuanzia siku ya tano au ya sita, sita au zaidi kwa saa 24, zenye mkojo mweupe au wa njano hafifu.

Nepi za kisasa hunyonya mpaka hujui kama imelowa. Chukua nepi kavu, imwagie vijiko vitatu vikubwa vya maji, uishike mkononi. Uzito huo ndio "nepi iliyolowa". Kama una mizani ya jikoni ni rahisi zaidi: ondoa uzito wa nepi kavu, na kila gramu iliyobaki ni takribani mililita moja ya mkojo. Mtoto wa kilo 4 hutegemewa kutoa mililita 100 au zaidi kwa siku.

Siku mbili tatu za mwanzo unaweza kukuta unga wa rangi ya matofali kwenye nepi. Akina mama hushtuka wakidhani ni damu. Kwa kawaida ni chembechembe za chumvi za yureti, na maziwa yakishuka hupotea. Zikionekana bado baada ya siku ya tano, maziwa hayamfikii ya kutosha. Tazama anavyoshika titi na usikilize kama anameza, halafu mpeleke akapimwe uzito siku hiyohiyo. Kupungua kidogo siku za mwanzo ni kawaida, lakini kukifika asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa anahitaji kuonwa, na kufikia wiki ya pili awe ameurudia.

Hatua ya 3: Maziwa ya kopo, kipimo ni kipimo

Hapa ndipo ninapoona makosa mengi, na karibu yote hutokana na mapenzi. Baba mmoja aliniletea mtoto analia, midomo imekauka, nepi mbili tu tangu asubuhi ya jana. Nikamwomba anioneshe anavyokoroga. Alichota kijiko, akakigonga kwenye ukingo wa kopo, unga ukatitia, akaongeza juu yake, akagonga tena. Alitaka mwanawe apate nguvu. Kumbe kila chupa ilikuwa nzito kupita kiasi, na figo zilikuwa zikitumia maji ya mtoto mwenyewe kuitoa chumvi ile. Sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi, ikipanda sana kwenye damu, ubongo ndio unaoumia.

Utaratibu uwe hivi. Nawa mikono. Tumia vyombo vilivyochemshwa. Chemsha maji safi, yaache yapoe kwa muda usiozidi nusu saa ili yabaki na nyuzi 70 au zaidi, kwa maana unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu na joto hilo ndilo linaloviua. Mimina maji kwenye chupa kwanza, soma mstari chupa ikiwa juu ya meza, siyo ikiwa mkononi. Halafu tia unga kwa kijiko kilichomo kwenye kopo hilohilo, umekisawazisha kwa mgongo wa kisu kikavu, bila kushindilia. Ukianza na unga kisha ukajaza maji hadi mstari wa 120, maji yaliyoingia ni pungufu ya 120, na maziwa yamekuwa mazito bila wewe kujua.

Makopo mengi huenda na kijiko kimoja kwa mililita 30 za maji, ila soma la kwako. Poza chupa kwa maji baridi yanayotiririka, jaribu tone kwenye kiganja cha mkono. Yasiyotumika ndani ya saa mbili, mwaga.

Kosa la pili ni kinyume chake: kopo linakaribia kuisha, mzazi anazidisha maji ili lifike mwisho wa mwezi. Figo changa haziwezi kuyatoa maji ya ziada kwa haraka, sodiamu hushuka, na mtoto anaweza kupata degedege. Ukiishiwa uwezo wa kununua, sema kliniki mapema. Hakuna atakayekucheka.

Mwaka 2008 nchini China watoto wapatao 300,000 waliathirika kwa maziwa ya unga yaliyotiwa melamini, kemikali ya viwandani, wengi wao wakapata mawe kwenye figo. Nawe usinunue unga uliofunguliwa na kupimwa kwenye mifuko.

Hatua ya 4: Maji, subiri

Mtu atakuambia mtoto ana kiu kwa kuwa kuna joto. Mpe titi. Maziwa ya mama ni maji kwa kama asilimia 87. Kabla ya miezi 6 maji matupu hujaza tumbo bila kumlisha, na yakiwa mengi hushusha sodiamu kama nilivyoeleza.

Hatua ya 5: Akifikisha miezi 6

Anza chakula laini, endelea kunyonyesha hadi miaka 2 au zaidi, na maji kidogo kwa kikombe sasa ruksa. Usitie chumvi. Kwa mwaka wa kwanza chumvi yote ya siku isifike gramu 1, yaani pungufu ya robo ya kijiko cha chai, ikijumlishwa na iliyojificha kwenye jibini, mkate na mchuzi wa pakiti. Mtolee sehemu yake kabla hujatia chumvi ya familia.

Maziwa ya ng'ombe yana protini zaidi ya mara tatu ya maziwa ya mama, na sodiamu karibu mara tatu. Kabla ya miezi 6 usimpe kabisa. Kama ananyonya au anatumia kopo, mimi husema subiri mwaka mmoja utimie kabla hayajawa kinywaji chake kikuu.

Hatua ya 6: Akiharisha, akitapika au akipata homa

Usiache kunyonyesha, ongeza. Mpe ORS, ile dawa ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, kidogokidogo kwa kijiko, na zinki kama ulivyoelekezwa. Ibuprofeni usimpe mtoto aliyekaukiwa maji, kwani hupunguza damu inayoingia kwenye figo wakati zinapoihitaji zaidi. Nenda hospitali bila kusubiri asubuhi kama hajakojoa kwa saa 8, utosi umebonyea, au amelegea na hataki kunyonya. Homa kwa mtoto chini ya miezi 3 ni safari ya hospitali hata kama anacheka. Yaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Na kama ni wa kiume, mtazame akikojoa. Mkojo unaodondoka matone badala ya kuruka huenda una kizuizi njiani.

Hatua ya 7: Kadi ya kliniki

Kama alizaliwa njiti au chini ya kilo 2.5, inaelekea alianza na nefroni pungufu, na watoto hao wana uwezekano mkubwa zaidi wa shinikizo la damu ukubwani. Usishawishike kumnenepesha haraka ili "awafikie wenzake". Itunze kadi yenye uzito wake wa kuzaliwa, na kila anapoonwa mwoneshe daktari ukurasa huo, umwombe ampime presha kwa mkanda unaoenea mkono wa mtoto.