Sogeza taa karibu, betri idumu
Unaporekodi sherehe ya kwanjula (utambulisho wa bwana harusi kwa familia ya bibi harusi huko Buganda, Uganda) jioni, mahali ambapo umeme waweza kukatika wakati wowote, usiiweke taa ya LED mbali na kuiwasha kwa asilimia 100, bali isogeze karibu na mzungumzaji, kwani ikitoka mita 2 hadi mita 1 mwanga unaomfikia usoni huongezeka takriban mara nne, nawe unaweza kuipunguza hadi asilimia 25. Betri ya NP-F970 yenye wati-saa 47 huendesha taa ya wati 30 iliyowashwa kwa asilimia 100 kwa saa moja na nusu hivi. Taa ikipunguzwa namna hiyo, mimi humaliza hotuba za wasemaji wa pande zote mbili bila kubadilisha betri. Ya akiba isiachwe garini juani, maana joto huichakaza upesi.