Ukuta wa mawe ya matumbawe: paka chokaa, si rangi ya plastiki

Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, hunywa maji ya mvua na kuyapandisha kutoka ardhini pamoja na chumvi. Ukilifunika kwa rangi ya plastiki, unyevu unakosa pa kutokea. Rangi hutuna malengelenge, kisha hubanduka vipande vipande, mara nyingi kuanzia chini karibu na udongo. Chokaa huuacha ukuta upumue.

Anza kwa brashi ngumu isiyo ya chuma. Ya chuma huacha chembe zinazoota kutu. Unga mweupe wa chumvi usiuoshe, upanguse ukiwa mkavu, la sivyo maji yataurudisha ndani. Viungo vya kati ya mawe vilivyolegea vizibe kwa chokaa sehemu 1 na mchanga sehemu 3. Saruji hapo ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, na kinacholika baadaye ni jiwe.

Koroga kwa maji chokaa iliyozimwa, yaani iliyokwisha kutiwa maji ikachemka na kupoa, iwe nyepesi kama tui la pili, uichuje kwa kitambaa. Vaa miwani na glovu, maana inaunguza macho. Lowesha ukuta kwanza: ukiwa mkavu utafyonza maji ya chokaa, nayo itabaki unga unaochafua nguo. Paka mikono 3 au 4 myembamba, saa 24 kati ya mmoja na mwingine, jua likiwa limehama upande huo. Ikiwa mbichi huonekana kama maji tu. Usiongeze unene, weupe huja ikikauka.