Sarufi na insha katika wiki ya kusomea nyumbani: ratiba yetu ya Uyole

Ratiba yangu ya kwanza niliichora kwa rula. Vipindi saba kwa siku, kila kimoja dakika 40, sarufi kila siku saa 2 kamili asubuhi, insha Ijumaa. Nikaibandika ukutani juu ya kabati la vyombo, nikajisifu. Ilikuwa Juni. Asiyeijua Juni ya hapa Uyole, Mbeya, aelewe kwamba saa 2 asubuhi mtoto amejifunga kitenge cha mama juu ya sweta mbili na vidole vyake havikunjiki. Wiki ya tatu niliibandua mwenyewe, na mwanangu mdogo akachora ng'ombe upande wa nyuma.

Baridi lilikuwa tatizo dogo. Tatizo kubwa ni kwamba sarufi ilikuwa na njia yake na insha njia yake. Jumatatu ngeli, Jumanne vielezi, Jumatano nyakati, na Ijumaa mtoto anaandika kana kwamba hajawahi kusikia neno ngeli maishani mwake. Sasa nafanya kinyume: insha inatangulia, sarufi inafuata nyuma ikiokota kilichoanguka. Ninao watatu, wa miaka 7, 10 na 12, na ratiba hii tumeishi nayo mwaka wa tatu sasa.

Neno moja kwanza. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikia umri wa shule ya msingi aandikishwe na ahudhurie. Kabla hujaanza kusomesha nyumbani, nenda ukazungumze na afisa elimu wa kata yako na mwalimu mkuu. Sisi tulikubaliana na shule ambako majina yao yapo na wanakofanyia mitihani. Usilikwepe hilo halafu uje kukimbizana nalo darasa la saba.

Hatua ya 1: Andika wiki yako ilivyo, siyo unavyotamani iwe

Chukua karatasi, uandike siku saba na mambo yasiyohamishika. Kwangu: Jumatano napeleka mboga sokoni Mwanjelwa, natoka alfajiri na narudi saa 7 mchana. Alhamisi ni kufua. Jumamosi shamba, Jumapili kanisani. Kinachobaki ndiyo wiki yako ya masomo.

Kisha tazama hali ya hewa, maana huku kwetu ndiyo mwalimu mkuu wa kweli. Kuanzia Juni hadi Agosti kuandika tunakuweka saa 4, jua likishafika barazani; asubuhi ile ya baridi tunasoma kwa sauti karibu na jiko. Kuanzia Novemba hadi Aprili tunageuza. Mvua nyingi hutukuta mchana, na nyumba yetu ni ya bati: ukisoma imla mvua ikigonga, mtoto ataandika anachodhani umesema. Kwa hiyo majira ya mvua imla ni asubuhi.

Hatua ya 2: Jumatatu, waandike kwanza

Hakuna somo, hakuna kanuni, hakuna "kumbuka herufi kubwa." Natoa mada moja kwa wote. Mkubwa anaandika dakika 25, wa kati dakika 20, mdogo sentensi tatu na picha. Mada lazima iwe kitu walichokiona wenyewe. "Umuhimu wa maji" humtoa mtoto maneno ya kwenye kitabu. "Siku bomba lilipokauka" humtoa maneno yake, na makosa yake ya kweli, ambayo ndiyo unayoyahitaji.

Akikuuliza neno linaandikwaje, mwambie aliandike anavyolisikia na apige mstari chini yake. Usikae karibu naye. Mimi humenya viazi nikiwapa mgongo, maana nikiona kosa mdomo wangu haunyamazi.

Hatua ya 3: Jumatatu usiku, chagua kosa moja tu

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wazazi wengi wanapoharibu. Hiki ndicho alichoandika wa kati wiki moja, sijabadilisha kitu:

"Jumamosi mbuzi yetu imezaa. Imezaa watoto wawili. Mtoto mmoja ni mweusi na ingine ni nyeupe. Mimi na kaka tulienda kukata majani mahari pa mbali alafu mvua ikanyesha."

Zamani ningechukua kalamu nyekundu nikazungushia duara saba, na daftari lingerudi kama limechinjiwa kuku. Sasa nasoma mara mbili na kujiuliza: makosa haya ni ya aina ngapi? "Yetu", "imezaa" mara mbili, "ingine", "nyeupe": hayo matano ni kosa moja. Mtoto anamtendea mbuzi kama kitu, kwa upatanisho wa I-ZI, wakati watu na wanyama hufuata A-WA hata umbo la neno likifanana na meza au nyumba. Na tazama, "mweusi" amepatia. Maana yake kanuni anayo nusu nusu. Kosa la namna hii, ambalo mtoto analipatia hapa na kulikosa pale, ndilo la kuchagua, kwa sababu limeiva. Kosa analokosea kila mara bila kusita mara nyingi bado ni bichi, liache lingoje.

"Mahari" na "alafu" ni makosa ya tahajia, nayo hayaingii somo la Jumanne. Nayaandika nyuma ya daftari langu yasubiri imla. Mtoto anayesikia Kinyakyusa kwa bibi yake, lugha isiyo na r, atakuja na l na r zilizochanganyika, na hilo si la kumcheka. Ila lirekebishwe: kuna siku mkubwa aliandika kwamba babu alimpeleka "mahari pazuri", na baba yake akauliza ni ng'ombe wangapi.

Je, kila mtoto na kosa lake? Hapana, utachoka. Chagua kosa la mtoto mmoja, kisha watatu wote walishughulikie kila mmoja kwa kimo chake. Wiki ijayo ni zamu ya mwingine.

Hatua ya 4: Jumanne, sarufi dakika 20

Weka saa. Dakika 20 zikiisha umemaliza, hata kama umenogewa.

Nyuma ya mlango wa jikoni tumepaka rangi nyeusi, ndiyo ubao wetu. Kwa kosa la mbuzi nilichora safu mbili. Kushoto: nyumba, meza, nguo, kalamu. Kulia: mbuzi, kuku, ng'ombe, nyuki. Nikawaambia waseme kila neno na "-etu" na "-meanguka". Nyumba yetu imeanguka. Ng'ombe wetu ameanguka. Nikauliza: kwa nini hawa wa kulia wanataka "wetu" na "ame-"? Nikanyamaza. Kunyamaza huku ni kugumu kuliko kufundisha. Mdogo ndiye aliyesema, "Hawa wanapumua." Tangu siku hiyo nyumbani kwetu A-WA ni maneno yanayopumua, jina rasmi linakuja baadaye.

Kisha nikawagawia kazi:

- Mdogo: umoja na wingi kwa mdomo tu. Kuku wangu, kuku wangu wengi. Hakuna daftari.
- Wa kati: arudi kwenye maandishi yake ya Jumatatu, atafute maneno yanayopumua ambayo ameyanyima pumzi. Simwonyeshi yapo wapi. Namwambia idadi tu: yapo matano.
- Mkubwa: aandike kanuni kwa maneno yake, kisha atafute maneno yanayojaribu kuivunja.

Mkubwa alileta mawili mazuri. La kwanza kiboko na kifaru: yana ki- mwanzoni, lakini tunasema kiboko mkubwa amezama, siyo kiboko kikubwa kimezama, isipokuwa kama kiboko chenyewe ni cha kuchapia. La pili lilinitoa jasho: "Mama, bibi anapumua, mbona tunasema bibi yangu?" Jibu ni kwamba majina mengi ya jamaa na watu wa karibu, kama bibi, babu, mama, dada, kaka, shangazi, rafiki na jirani, hupokea yangu au zangu kwenye umilikishi, ila kivumishi na kitenzi vinabaki vya A-WA: rafiki yangu mpya amefika, dada zangu wakubwa wamelala. Yale yenye m- mwanzoni, mtoto, mke, mume, yanabaki na wangu. Nilimpa yeye peke yake, na wa kati nikamwahidi wiki nyingine. Ukiwamwagia watoto kanuni na vighairi vyake siku hiyo hiyo, Jumatano utasikia "bibi wangu".

Hatua ya 5: Jumatano, imla bila mama

Mimi nipo Mwanjelwa, kwa hiyo mkubwa anawasomea wadogo sentensi tano nilizoziacha mezani chini ya chupa ya chai. Natunga zibebe kosa la wiki pamoja na yale maneno ya tahajia. Za wiki ile ya mbuzi:

1. Kuku wetu ametaga mayai sita.
2. Ng'ombe mweupe amelala mahali pazuri.
3. Halafu nyuki wengi wakatoka kwenye mzinga.
4. Nyumba yetu imepakwa rangi nyeupe.
5. Mwalimu alinipa kalamu, siyo karamu.

Ya nne ni mtego: mtoto aliyekariri badala ya kuelewa ataandika "nyumba wetu". Mkubwa anasoma kila sentensi mara tatu: yote, vipande vipande, yote tena. Wanasahihisha wenyewe kwa kutazama karatasi. Na mkubwa anafaidika kuliko anavyojua, maana hawezi kusoma "mahali" vizuri bila kutenganisha l na r kinywani mwake.

Kama nawe unashinda nyumbani Jumatano na huna mtoto mkubwa, soma mwenyewe. Isizidi dakika 15.

Hatua ya 6: Alhamisi kuandika upya, Ijumaa kusoma

Alhamisi nafua, wao wanaandika upya maandishi ya Jumatatu. Masharti ni mawili tu: kosa la wiki lirekebishwe, na iongezwe sentensi moja inayojibu swali langu. Kwa yule wa mbuzi niliuliza: mlijuaje kwamba atazaa? Sentensi moja ikawa nne. Makosa mengine yaliyobaki, yaache. Najua yanawasha.

Ijumaa saa 10 jioni kila mtu anasoma chake kwa sauti, baba yao akiwepo. Basi.

Hatua ya 7: Zungusha aina za maandishi kwa mwezi

Wiki ya kwanza masimulizi, ya pili barua, ya tatu maelezo ya namna ya kufanya jambo, ya nne maelezo ya mahali. Kwa mahali tuna utajiri: Ziwa Ngozi ndani ya kreta yake, kimondo cha Ndolezi kule Mbozi, stesheni ya TAZARA siku ya treni. Namna ya kufanya jambo hupimwa kwa vitendo. Mkubwa aliandika jinsi ya kupika makande, nikapika nikifuata maandishi yake neno kwa neno. Hakuwa ameandika kuloweka maharage. Tulikula saa 4 usiku, na tangu hapo hajasahau "kwanza", "kisha" na "baada ya hapo".

Barua iende kwa mtu halisi. Zetu zinakwenda kwa bibi yao Tukuyu, tunampa konda wa kosta pale njia panda. Bibi hajibu kwa kalamu. Hupiga simu akauliza asichokielewa, na mara moja alituma mkungu wa ndizi. Swali la bibi, "Huyu aliyeanguka ni nani, wewe au mbuzi?", limewafundisha matumizi ya viwakilishi kuliko ubao wangu.

Kiingereza nacho kina mtihani wake, hakikwepeki. Wiki moja ya mwezi tunaifanya yote kwa Kiingereza kwa mpangilio huu huu, na kosa huwa karibu kila mara ni la nyakati za vitenzi. Nilijaribu kuweka lugha zote mbili wiki moja, wakaanza kupatanisha Kiingereza kwa ngeli.

Hatua ya 8: Weka wiki nyembamba kwa ajili ya shamba

Wiki za kupanda mahindi Novemba na za kuvuna Juni au Julai, usijidanganye. Ratiba yote naiweka kando na kubaki na kitu kimoja: mistari mitano ya shajara kila jioni, tarehe juu, bila kusahihisha. Mdogo anasema, kaka yake anaandika. Shamba likiisha, nachukua shajara zile zote, nasoma usiku mmoja, na makosa ya wiki sita zijazo nimeshayapata. Novemba iliyopita, katika mistari ya wa kati, "ng'ombe wetu" ilikuwa imekaa sawa kila mahali. "Alafu" nilihesabu kumi na moja.