Kutoka Mzogani hadi Chanjo: Hatua za Kutafiti Kipindupindu cha Kuku

Mwongozo huu unamlenga mtafiti au daktari wa mifugo mwenye maabara ya bakteria na kibali cha kufanya majaribio kwa wanyama. Nimechagua kipindupindu cha kuku, kinachosababishwa na bakteria aitwaye Pasteurella multocida. Huu ndio ugonjwa ambao mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur aliushughulikia mwaka 1879 na 1880, akaonyesha kwamba bakteria aliyedhoofishwa anaweza kumkinga ndege. Ni ugonjwa unaofichua upesi kosa linaloharibu chanjo nyingi za bakteria, yaani kuanza kutengeneza chanjo kabla ya kumfahamu barabara bakteria anayeua mifugo bandani.

Hatua ya kwanza ni kupata sampuli zinazofaa. Tafuta ndege waliokufa karibuni au walio mahututi, ambao hawajapewa antibiotiki, kisha uchukue ini, damu ya moyo na uboho wa mfupa. Uboho usiachwe, kwa sababu mzoga unapoanza kuoza bakteria wa utumbo huvamia ini na kumfunika yule unayemtafuta, ilhali ndani ya mfupa bado anaweza kupatikana. Gandamiza kipande cha ini kwenye kioo, kitie rangi ya Giemsa na ukitazame kwa darubini: vijiti vifupi vilivyokolea rangi kwenye ncha zote mbili na kupauka katikati vinaelekeza kwa Pasteurella, ingawa havitoshi kuwa uthibitisho. Kwa kuwa vifo vya ghafla vinaweza pia kuletwa na mdondo, ambao ni ugonjwa wa virusi, pima virusi hivyo sambamba na bakteria.

Hatua ya pili ni kuotesha na kutambua. Panda sampuli kwenye aga ya damu na aga ya MacConkey, yaani vyakula vigumu vya kuoteshea bakteria, uziache katika nyuzijoto 37 za Selsiasi kwa saa 24. Bakteria huyu huota kwenye damu bila kuyeyusha chembe nyekundu, kwa kawaida haoti kwenye MacConkey, na vipimo vya kikemia vya kumtambua, yaani oksidesi, katalesi na indoli, huwa chanya. Thibitisha kwa PCR, yaani kipimo kinachotafuta vinasaba vyake. Mara tu unapopata koloni safi, yaani rundo la bakteria wa aina moja tu, ihifadhi kwenye gliseroli katika nyuzijoto 80 chini ya sifuri, kwa maana kila anapopandwa upya maabarani anaweza kupoteza kapsuli yake, yaani utando unaomfunika kwa nje, na pamoja nayo ukali wake.

Hatua ya tatu, kubainisha aina za bakteria, ndiyo ambayo watu huiruka, nami nakusihi uipe muda kuliko nyingine zote. Pasteurella multocida hugawanywa katika makundi matano ya kapsuli, A, B, D, E na F, na katika serotaipu 16, yaani aina ndogo ambazo kinga ya mwili huzitofautisha, kwa kufuata lipopolisakaridi (molekuli za mafuta na sukari) ya ukuta wake. Chanjo ya bakteria waliouawa hukinga hasa dhidi ya serotaipu zilizotiwa ndani yake. Kundi la kuku lililochanjwa kwa serotaipu 1 linaweza kufa kwa serotaipu 3 huku mfugaji akidhani chanjo ilikuwa mbovu. Kwa hiyo kusanya bakteria kutoka mashamba kadhaa na milipuko tofauti, bainisha serotaipu za wote, kisha uchague wale wanaojitokeza mara kwa mara. Kumbuka pia kwamba bakteria anayeoteshwa penye uhaba wa madini ya chuma, kama ilivyo ndani ya mwili wa ndege, hutoa protini za ukuta ambazo hazionekani anapokuwa kwenye mchuzi wa kawaida wa kuoteshea bakteria, na protini hizo zinaweza kupanua kinga.

Hatua ya nne ni kutengeneza chanjo yenyewe. Otesha bakteria kwenye mchuzi, hesabu idadi yao, waue kwa formalini (kemikali ya kuua vijidudu), kisha upande sehemu ya mchanganyiko huo kwenye vyakula vya bakteria na kuuangalia kwa siku kadhaa. Ikiota koloni hata moja, usiendelee na mchanganyiko huo. Ongeza hidroksidi ya alumini au mafuta ya madini ili kuamsha kinga, na uhifadhi chanjo katika nyuzijoto 2 hadi 8 bila kuigandisha.

Hatua ya tano ni jaribio la kuambukiza. Gawa ndege kwa kura, nusu wapate chanjo na nusu wapate mchanganyiko usio na bakteria, na anayewachunguza asijue nani yuko kundi gani. Wachanje mara mbili kwa kupishanisha wiki nne, na wiki mbili baadaye waambukize kwa bakteria mkali wa serotaipu ileile. Andika mapema dalili zitakazokulazimu kumuua ndege bila maumivu, kwani mateso yake hayaongezi ubora wa takwimu. Tuseme kati ya 20 waliochanjwa wanaangamia 3, na kati ya 20 wasiochanjwa wanaangamia 16: viwango ni asilimia 15 na asilimia 80, hivyo ufanisi ni 1 kutoa (15 kugawanywa kwa 80), yaani takriban asilimia 81. Iwapo wasiochanjwa wengi watabaki wazima, jaribio halipimi chochote na lirudiwe kwa dozi sahihi ya maambukizi.

Chanjo ikishafika mashambani, kila kifo katika kundi lililochanjwa kirudishwe kwenye hatua ya kwanza, ili serotaipu ya bakteria aliyepatikana ilinganishwe na zile zilizomo chupani.